Mlango Mmoja Unatosha

Muhula uliopita kamati ya chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili ilipitisha maamuzi mawili. Kwanza, kila programu ya wavuti tunayoiendesha iendelee kuwa na namba yake ya mlango kwenye seva yetu. Pili, kwa kuwa programu zimeongezeka na namba zinawachanganya watu, zitafutwe fedha za kukodi seva nyingine. Nilikuwemo mkutanoni. Nilinyoosha mkono mara mbili, nikapewa dakika mbili, nazo hazikutosha. Kwa hiyo naandika. Nasema maamuzi yote mawili ni makosa, na ule wa kwanza ndio uliouzaa wa pili.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nasomea Kiswahili na ualimu hapa Kampala. Nimekuwa mtunza seva wa chama kwa miaka miwili kwa sababu moja tu: aliyekuwa akiitunza alihitimu, akaniachia nywila kwenye kipande cha karatasi. Yote ninayoyajua nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Lakini seva hiyo naijua kama mwenye duka anavyoijua rafu yake, na ninachokisema hapa nimekiona kwa macho yangu.

Tuna programu nne. Kamusi ya istilahi inasikiliza mlango 8000. Hifadhi ya insha inasikiliza 8001. Mfumo wa kukusanya kazi za muhula uko 8080, na jarida la chama liko 5000. Kila moja ilitengenezwa na wanafunzi tofauti katika mwaka tofauti. Ukizitazama namba hizo unaweza hata kukisia nani alijifunza kwa kifaa gani, maana 8000 ni namba ambayo Django huanza nayo na 5000 ni ile ambayo Flask huanza nayo. Hakuna aliyekaa chini akazichagua. Ziliokotwa njiani, zikazoeleka, na sasa kamati inazitetea kana kwamba ni urithi wa wazee.

Nasema mlango, wala sisemi bandari. Nimewahi kuona tafsiri inayokiita kitu hiki bandari, kwa sababu tu neno la Kiingereza linafanana. Lakini hapa hapana meli wala shehena. Kuna mtu anabisha hodi na kuna mtu anaitikia karibu. Hiyo ni kazi ya mlango, na sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Sasa nieleze kilichonifanya nikasirike. Siku ya mwisho ya kukusanya kazi ya fasihi simulizi, mwenzetu mmoja alikuwa kwao mashambani akimuuguza mama yake. Bando la simu yake lilikuwa limekwisha. Akaomba kutumia mtandao wa ofisi anakofanya kazi mjomba wake. Barua pepe ikafunguka. Magazeti yakafunguka. Mfumo wetu wa kukusanya kazi ukazunguka, ukazunguka, mwishowe ukasema haupatikani. Akanipigia simu.

"Kaka, seva imekufa?"

Nikaufungua kwa simu yangu. Ukafunguka mara moja. "Dada, mbona mimi naiona? Jaribu tena."

Alijaribu mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake alipata bando, akatuma kazi ikiwa imechelewa kwa saa tisa. Alipomweleza mhadhiri, Mwalimu alimuuliza swali moja la haki kabisa: wenzako wamewezaje? Akakatwa alama kumi. Mimi mwenyewe, nawaambieni ukweli, nilidhani anatafuta kisingizio.

Wiki moja baadaye ndipo nilipoielewa sababu. Mitandao mingi ya ofisi, maktaba na shule huruhusu watu kutoka nje kupitia milango michache tu, hasa 80 na 443, na kuizuia mingine yote. Wanaoisimamia wana sababu zao na siwalaumu. Mfumo wetu ulikuwa 8080. Kwa hiyo seva ilikuwa hai, mwenzetu alikuwa msema kweli, Mwalimu alikuwa wa haki, na bado mtu akapoteza alama kumi. Aliyekosea ni sisi tulioweka kazi ya lazima nyuma ya mlango usiofikika.

Wale wasiowahi kuishughulikia seva waniruhusu nieleze kidogo. Seva yetu ina anwani moja ya intaneti. Katika anwani hiyo kuna milango yenye namba, hadi 65,535. Kwa desturi ya dunia nzima, kurasa za wavuti za kawaida hupitia mlango 80, na zile zinazosafiri kwa usimbaji fiche hupitia 443. Ndiyo maana ukiandika jina la gazeti hulazimiki kuandika namba: kivinjari kinaijua. Ukiona namba imebandikwa mwishoni mwa jina baada ya nukta pacha, jua mwenye nyumba amekubebesha wewe mgeni kazi yake ya kukumbuka.

Kanuni iliyowapotosha wanakamati ni ya kweli. Kwa kawaida programu moja tu ndiyo huweza kusikiliza mlango mmoja wa anwani moja kwa wakati mmoja. Ukiwasha ya pili, mfumo hukataa na kukuambia mlango tayari unatumika. Kutoka hapo wakahitimisha kwamba programu nne zinahitaji milango minne. Hitimisho hilo halifuati. Kinachofuata ni kwamba mlangoni asimame mmoja. Hakuna kanuni inayosema huyo anayesimama mlangoni ndiye pia apike, aandae na kuwahudumia wageni wote.

Nendeni katikati ya Kampala mkaangalie majengo ya biashara tunayoyaita akedi. Jengo lina mamia ya vibanda. Kibanda kimoja huweza kuwa na wapangaji watatu: huyu anauza viatu, huyu anatengeneza simu, yule anashona. Lakini kutoka barabarani unaingia kupitia lango moja, na hapo pana askari. Unamwambia unamtafuta fundi wa simu, anakuelekeza ghorofa ya pili upande wa kushoto. Hakuna mwenye jengo aliyewahi kuwaza kutoboa ukuta wa barabarani mara mia tatu ili kila mpangaji apate mlango wake. Angefanya hivyo jengo lingeanguka, na wateja wangepotea kabla halijaanguka.

Kwenye seva, askari huyo yupo. Wataalamu humwita proksi. Mimi nitamwita bawabu, kwa kuwa neno tunalo tangu zamani. Bawabu ni programu ndogo inayosikiliza mlango 443 peke yake. Ombi likija, analisoma jina linalotafutwa: ni kamusi, ni insha, ni kazi au ni jarida? Kisha analipeleka kwa programu inayohusika, anapokea jibu na kumrudishia mgeni. Programu zenyewe zinabaki na namba zao 8000, 8001, 8080 na 5000, lakini kwa ndani tu, kwenye anwani ya 127.0.0.1 ambayo mtu wa nje hawezi kuifikia. Namba hazifi. Zinahamia jikoni, mahali pake.

Bawabu anajuaje jina linalotafutwa? Hapa pana historia ambayo kila anayesema jambo hili haliwezekani angepaswa kuisoma. Katika miaka ya mwanzo ya wavuti, kivinjari kilipobisha hodi kilitaja ukurasa tu, hakikulazimika kutaja jina la tovuti. Kwa hiyo kila tovuti ilihitaji anwani yake. Kanuni za HTTP/1.1, zilizochapishwa Januari 1997, zilibadilisha hali hiyo: ziliamuru kila ombi libebe sehemu iitwayo Host, yenye jina la tovuti inayotafutwa. Neno hilo kwa Kiswahili ni mwenyeji. Tangu hapo mgeni hutaja mwenyeji wake mlangoni, na majina mengi huweza kukaa kwenye anwani moja na mlango mmoja. Kanuni hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi na kuliko wengi wa wanakamati.

Ilibaki kikwazo kimoja. Kwenye mlango 443 mazungumzo hufungwa kama barua ndani ya bahasha, na seva inatakiwa ionyeshe cheti chake kabla bahasha haijafunguliwa. Sasa itaonyesha cheti cha nani, ilhali jina la Host limo ndani? Jibu lilichapishwa mwaka 2003, na huitwa SNI: kivinjari hulitaja jina mwanzoni kabisa, juu ya bahasha, ili seva ichague cheti kinachofaa. Vivinjari vyote tunavyotumia leo hufanya hivyo bila kutuuliza.

Watu waliohangaikia mambo haya hawakuwa wakitafuta mapambo. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Februari 2011 shirika la IANA liligawa mafungu makubwa ya mwisho kwa mashirika ya kanda. Kanda yetu ya Afrika huhudumiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na tangu mwaka 2020 imekuwa ikigawa masalio kwa kipimo kidogo sana. Katika hali hiyo, kukodi seva ya pili na anwani ya pili kwa sababu tu hatutaki kumweka bawabu ni sawa na kuchimba kisima kipya kwa sababu ndoo ya kisima cha kwanza haina kamba.

Nirudi kwenye madhara, maana mlango uliozibwa ni dhara moja tu.

La pili ni vidakuzi. Kwa muda mrefu wanafunzi walilalamika kwamba wakiingia kwenye kamusi ili kupendekeza istilahi, wakirudi kwenye hifadhi ya insha wanakuta wametolewa nje na wanatakiwa kuandika nywila upya. Tulidhani hifadhi ina kasoro. Nilipoteza likizo nzima nikiisoma mstari kwa mstari, sikuona kitu. Kasoro haikuwa humo. Kivinjari huhifadhi kidakuzi cha kuingia kwa kufuata jina la seva, na hakiangalii namba ya mlango hata kidogo. Kamusi na hifadhi zote zimejengwa kwa Django, ambayo kidakuzi hicho huitwa sessionid kama hukukipa jina lingine. Kwa hiyo kila programu ilikuwa ikifuta alama ya mwenzake. Kosa si la Django. Ni letu tulioweka watu wawili chumba kimoja na kuwapa jina moja.

Na hilo la kutolewa nje ndilo dogo. Kubwa ni kwamba kidakuzi kilichowekwa na programu ya 8001 hupelekwa pia kwa programu ya 5000, maana kwa kivinjari seva ni ile ile. Jarida letu liliandikwa na mwanafunzi aliyekuwa akijifunza. Namheshimu, lakini ikiwa jarida lina tundu, anayelipitia tundu hilo anaweza kupokea alama za kuingilia za wanafunzi waliofungua hifadhi. Wanaosema kila programu ikiwa na mlango wake zinakuwa zimetengana kwa usalama wanajenga ukuta usio na matofali. Majina tofauti ndiyo yanayotenganisha vidakuzi, mradi programu yenyewe isitangaze kwamba kidakuzi chake ni cha jina kuu lote.

La tatu ni cheti. Cheti kinaweza kutumika kwenye mlango wowote, sikatai. Lakini bila bawabu, kila programu ilipaswa ijifunze yenyewe kukitumia na kukihuisha, na katika miaka yote hiyo hakuna iliyojifunza. Matokeo yake nywila zetu zilisafiri zikiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Tangu mwisho wa mwaka 2015 Let's Encrypt inatoa vyeti bure kwa umma, na njia inayotumiwa na wengi ya kuthibitisha kwamba jina ni lako ni kubisha hodi kwenye mlango 80 wa seva yako. Bawabu mmoja anayesimamia 80 na 443 anaomba vyeti vya majina yote manne, anavihuisha, na programu zenyewe hazihitaji kujua kitu. Bila yeye tunarudia kazi moja mara nne, maana yake kwa wanafunzi ni kwamba haifanywi hata mara moja.

Sasa niwajibu wanaopinga. Nitaanza na hoja yao yenye nguvu.

Walisema: bawabu akianguka, zote nne zimeanguka. Ni kweli, na sitaificha, kwa sababu imenitokea. Katika majaribio yangu nilisahau nukta mkato moja kwenye maandishi ya Nginx, nikaizima na kuiwasha upya, ikakataa kuwaka. Kwa dakika kumi na moja seva nzima haikuwa na wa kuitikia hodi. Nilitokwa jasho. Lakini nilichojifunza ni kwamba programu hiyo ina amri ya kuyakagua maandishi kabla ya kuyatumia, na nyingine ya kuyasoma upya bila kuwakatiza wageni waliomo. Nilikuwa sijazitumia kwa uvivu. Tangu nizoee kukagua kwanza, halijatokea tena. Nginx ilitolewa kwa umma mwaka 2004 na Igor Sysoev, Mrusi aliyekuwa akitaka seva moja ihudumie maelfu ya wageni kwa wakati mmoja. Haitaelemewa na wanafunzi wetu na insha zao. Isitoshe, umeme ukikatika kwenye seva yetu, au diski ikijaa, milango yote minne huanguka pamoja hata leo. Hatujawahi kuwa na nyumba nne. Tumekuwa na nyumba moja yenye matundu manne.

Walisema: programu moja ikila kumbukumbu yote ya seva, nyingine zitakufa njaa. Hiyo nayo ni kweli, ila haihusu mlango. Programu nne zenye milango minne kwenye seva moja zinakula kwenye sinia lile lile. Anayeogopa mlafi ampimie chakula: mfumo wa uendeshaji unaweza kuwekea kila programu kikomo cha kumbukumbu, iwe iko nyuma ya bawabu au haiko. Hoja hii ni ya kudai seva nyingine, na imevalishwa nguo za hoja ya milango. Siku seva itakapojaa kweli nitakuwa wa kwanza kuunga mkono mchango. Nimeitazama kila wiki kwa miaka miwili na hata nusu ya kumbukumbu yake haijatumika. Michango ya wanachama inatoka kwa watu wanaoruka chakula cha mchana ili wapate nauli. Haifai kuitumia kununua kitu tulichonacho.

Wengine, waliotaka kuonekana wa wastani, walipendekeza mlango mmoja na jina moja, kisha programu zitofautishwe kwa mkwaju: jina la chama, mkwaju, kamusi, jina la chama, mkwaju, insha. Njia hiyo ni bora kuliko namba, na penye uhaba wa majina itafaa. Ila ina kasoro mbili. Programu iliyoandikwa kwa kudhani inakaa peke yake hutengeneza viungo vinavyoanzia kwenye mzizi, kwa hiyo ukibonyeza kitufe ndani ya kamusi unajikuta nje ya kamusi. Pili, kivinjari huzihesabu kurasa zote zenye jina moja na mlango mmoja kuwa za mwenye nyumba mmoja, na huruhusu hati za huyu zisome kurasa za yule. Hapa nakiri jambo kwa wapinzani wangu: namba tofauti za milango hutenganisha hati hizo, japo hazitenganishi vidakuzi. Majina tofauti hutenganisha vyote viwili. Na ukishamiliki jina kuu, majina madogo chini yake huyalipii zaidi. Kwa nini basi tuchukue nusu?

Hoja ya mwisho ndiyo iliyoniudhi. Ilisemwa kwamba haya ni mambo ya kiufundi, nasi ni wanafunzi wa lugha; tuwaachie watu wa kompyuta. Nami nauliza: anwani ya kitabu ni jambo la nani, kama si la mwenye kitabu? Tunatumia mihula mitatu kubishana kama istilahi fulani itokane na Kibantu au Kiarabu. Tunakusanya maneno, tunayachuja, tunayaandika kwenye kamusi. Kisha kamusi hiyo tunaiita 8000. Kazi yote ya kutaja vitu kwa majina yao inaishia kwenye namba aliyoiokota mtu asiyekuwepo tena chuoni.

Na si sisi pekee tunaoihitaji kamusi hiyo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wanatafutwa, vitabu havitoshi, na mwalimu aliye wilayani mwenye simu moja na bando la wiki ndiye msomaji wetu hasa. Mwalimu huyo akiambiwa neno kamusi atalikumbuka. Akiambiwa namba ya tarakimu nne atakosea tarakimu moja, na akikosea moja hapati kamusi yenye makosa. Hapati kitu kabisa. Akiwa kwenye mtandao wa shule unaoruhusu milango miwili tu, hata asipokosea hapati kitu. Tutakuwa tumemfungia nje mtu tuliyemwandikia, bila hata kujua kwamba alibisha hodi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walikuwa wakituonya tusihukumu ndani kwa kuangalia nje, nami nakubali. Lakini wao walichukulia kwamba mlango unafunguka. Nyumba isiyoingilika hakuna anayejua kama ni njema.

Katika wiki mbili za likizo niliruhusiwa kujaribu kwa kamusi na hifadhi ya insha pekee. Nilizipa kila moja jina lake, nikamweka bawabu mbele, nikaomba vyeti, nikahamishia namba ndani. Kazi ilinichukua jioni tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya ile nukta mkato. Hakuna aliyenishukuru, maana hakuna aliyeona tofauti, isipokuwa jambo moja: malalamiko ya kutolewa nje yalikoma. Likizo ilipokwisha kamati iliniagiza nirudishe kama ilivyokuwa hadi uamuzi utakapofanywa. Nilirudisha. Siku ya tatu malalamiko yakaanza upya. Kisha ukaja uamuzi ule niliouanza nao.

Kwa hiyo naomba mambo manne yarudishwe mezani kwenye mkutano ujao, na nipewe zaidi ya dakika mbili.

Kwanza, programu zote nne ziingilie mlango 443, kila moja kwa jina lake, na mlango 80 ubaki kwa kuwaelekeza wageni huko na kwa ajili ya vyeti. Pili, namba za zamani ziendelee kuitikia kwa muhula mmoja, lakini zimpeleke mgeni kwenye jina jipya, maana zimo kwenye vitini vilivyokwisha kuchapishwa. Baada ya hapo zifungwe kwa nje. Tatu, maandishi ya bawabu yaandikiwe maelezo ya Kiswahili, yahifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, na wawepo angalau watu wawili wanaoyaelewa. Mimi nahitimu mwakani, na sitaki kumwachia mtu kipande cha karatasi. Nne, fedha za seva ya pili zisichangishwe mpaka mtu aonyeshe kwa vipimo kwamba ya kwanza imejaa.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja dogo zaidi. Mwanafunzi akisema mfumo haukufunguka, msimuulize tu wenzake wamewezaje. Muulizeni alikuwa kwenye mtandao gani. Mimi sikumuuliza mwenzangu swali hilo jioni ile, na laiti ningemuuliza ningemwambia atafute bando la shilingi elfu moja, na alama zake kumi zingekuwa zake.

Muhula ujao anakwenda kwenye mazoezi ya ufundishaji, shule iliyo mbali na mji, na ripoti yake ataituma kutoka huko kwa mtandao wa shule. Ameniuliza kama mfumo bado uko 8080. Nimemjibu kwamba kwa leo, bado.